Wakunga na vituo vya kujifungulia Kasese: Sera inaahidi nini?

Mwanamke anaposhikwa na uchungu usiku katika kijiji cha wavuvi cha Katwe, karibu na rasi ya Mweya, au huko Hamukungu na Kahendero kando ya Ziwa George, safari yake ya kwenda kujifungua hupita katika mbuga wanamotembea tembo na viboko. Mwenzake wa miteremko ya Rwenzori hukabiliana na mlima wenyewe na mito inayofurika. Swali lao ni moja: je, kituo kilicho karibu kina mkunga, na mkunga huyo ana vifaa?

Ngazi za huduma

Mfumo wa afya wa Uganda umepangwa kwa ngazi. Wahudumu wa afya wa vijiji hutoa ushauri na kuwahimiza wajawazito kwenda kliniki. Kituo cha ngazi ya 3, kinachohudumia kata nzima, ndicho kinachotakiwa kuwa na wodi ya wazazi na wakunga. Kituo cha ngazi ya 4 hutakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Juu yake kuna hospitali.

Wilayani Kasese, Hospitali ya Bwera ni ya serikali, nayo Kagando ni ya Kanisa la Uganda. Bwera, iliyo karibu na mpaka wa Mpondwe, hupokea pia wagonjwa kutoka Kongo. Ndipo walipotibiwa wagonjwa wa Ebola waliovuka mpaka Juni 2019. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa na mafuriko ya Mto Nyamwamba Mei 2020, na tukio hilo lilionyesha jinsi huduma ya uzazi inavyoweza kukatika kwa usiku mmoja.

Ahadi za serikali

Mwaka 2001 Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vya umma, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini. Kwa hiyo kujifungua katika kituo cha serikali ni bure kisera. Hata hivyo, pale glavu, pamba au dawa zinapokwisha, familia hulazimika kuzinunua. Mwaka 2010 serikali iliwapiga marufuku wakunga wa jadi kuzalisha, lakini marufuku hayo peke yake hayakuleta mkunga aliyesomea mahali ambapo hakuwapo. Tangu mwaka wa fedha 2018/19 umekuwapo mpango wa kupandisha vituo vya ngazi ya 2 kuwa vya ngazi ya 3 katika kata zisizo navyo.

Matokeo yanaonekana kitaifa. Kwa mujibu wa tafiti za idadi ya watu na afya, vifo vya uzazi vilipungua kutoka 336 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai mwaka 2016 hadi 189 mwaka 2022.

Kwa nini mkunga peke yake hatoshi

Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo hivyo, na mama anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Sindano ya oksitosini huzuia hali hiyo, lakini dawa hiyo huhitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Bila umeme wa uhakika, ujuzi wa mkunga hukosa silaha. Vivyo hivyo, mama anayehitaji upasuaji hawezi kuokolewa na kituo kisicho na gari la wagonjwa.

Wilaya nyingine zimeonyesha kwamba mambo hayo yakiunganishwa, mabadiliko huja. Mradi ulioanza mwaka 2012 katika wilaya za Kabarole, Kyenjojo, Kamwenge na Kibaale uliajiri wahudumu, ukakarabati vituo, ukagharamia usafiri na kuweka makazi ya kusubiria kujifungua. Katika muda wa miaka mitano vifo vya uzazi vilipungua kwa asilimia 44.

Mahakama yatamka

Agosti 2020, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi katika vituo vya umma ni ukiukaji wa Katiba. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2011 kufuatia vifo vya wanawake wawili waliokwenda kujifungua hospitalini. Majaji waliiagiza serikali iongeze fedha za huduma hizo na kuhakikisha kwamba wahudumu wanapata mafunzo na vituo vinapata vifaa.

Tangu uamuzi huo, mkunga kazini, dawa kabatini na gari la rufaa si hisani ambayo mwananchi huiomba kwa unyenyekevu. Ni haki anayoweza kuidai kwa diwani wake, kwa mbunge wake na, ikibidi, mahakamani. Kwa mama wa Katwe au wa mlimani, haki hiyo itapimwa kwa jambo moja: usiku akigonga mlango wa kituo, je, ataupata uko wazi?