Kutoka Kichocho Hadi Chumvi: Historia ya Maradhi ya Figo na Jiko la Kisiwani



Leo tunaweka pembeni hina na udi, tunazungumza habari ya figo. Tunaanzia nyumbani, Wawi, hapa Chake Chake. Wengi wakiisikia Wawi hukumbuka kiwanda cha makonyo na harufu yake ya karafuu. Lakini Wawi ina jengo jengine linalojulikana mbali kuliko tunavyodhani: Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa Kiitaliano wa vimelea aliyefanya kazi Pemba na kufariki mwaka 1993. Kazi kubwa ya maabara ile tangu mwanzo ilikuwa minyoo na kichocho.

Na kichocho, dada zetu, ni maradhi ya figo pia, ingawa sisi tumezoea kuyaita maradhi ya kukojoa damu. Mayai ya mnyoo hukwama kwenye kibofu na kwenye mirija inayoteremsha mkojo. Miaka ikipita, mirija hufanya makovu na kuziba, mkojo hurudi nyuma, na figo huvimba na kuharibika taratibu. Kwa vizazi vingi adui huyu aliingia kwa maji: mtoni kwenye kufua, kwenye mabonde ya mpunga, kwenye vidimbwi vya watoto kuogelea. Dawa ya prazikwanteli iligaiwa maskulini na majumbani, watu wakaelimishwa, na katika miaka ya 2010 Unguja na Pemba zikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo Afrika kujaribu si kupunguza kichocho tu bali kukiondoa kabisa. Tumesogea mbali sana, alhamdulillah.

Sasa adui wa pili anapita mlango wa jikoni. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta takriban mtu mzima mmoja katika kila watatu ana presha ya juu, na wengi wao walikuwa hawatumii dawa yoyote. Presha na figo ni mtu na jirani yake, mmoja akiungua na mwengine anaungua. Kila figo ina vichujio vidogo mno, kiasi cha milioni moja, na kila kichujio ni fundo la vijishipa vyembamba. Damu ikipita kwa nguvu kupita kiasi kila siku, vijishipa vile hukakamaa na kufa kimoja kimoja. Vinavyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa, navyo huchoka mapema. Figo ikichoka, presha hupanda zaidi. Na haumi mtu. Ndiyo maana mama anaweza kusema hana chochote, huku nusu ya vichujio vyake vimeshakwenda.

Watu walilijuaje jambo hili? Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha habari za wagonjwa wake waliovimba miguu na uso. Kipimo chake kilikuwa kijiko na mshumaa. Alitia mkojo kwenye kijiko, akaupasha moto, na ukiganda kama ute wa yai alijua protini inavuja na figo zimeharibika. Maradhi yakaitwa kwa jina lake kwa zaidi ya miaka mia. Baadaye, mwaka 1904, madaktari wawili wa Paris, Ambard na Beaujard, walionesha kuwa wagonjwa wa presha wakipunguziwa chumvi, presha hushuka. Wengi hawakuwaamini.

Habari iliyotushangaza zaidi imetoka karibu na kwetu. Mwaka 1929 daktari mmoja wa Kiingereza, Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii nchini Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba amewapima presha wanaume wapatao 1,000. Ulaya ilijulikana kuwa mtu akizeeka presha hupanda. Kwa wale haikupanda. Kwa wazee ilielekea kushuka. Katika miaka miwili alilaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya juu, wala hakuandikia mtu yeyote maradhi sugu ya figo ya namna inayoletwa na presha. Lugha ya makala yake ni lugha ya mkoloni, na hatuipendi. Wala hatusemi zamani ilikuwa pepo, maana watu wale walikufa kwa malaria na uzazi. Lakini namba zake zinatukatalia lile neno tunalolisikia barazani kila siku, kwamba presha ni ya uzee, kila mtu itamfika. Kumbe haikuwafika wote.

Miaka kumi baadaye, ng'ambo ya bahari, chakula kiligeuzwa dawa. Walter Kempner alikuwa daktari aliyekimbia Ujerumani ya Hitler na kupata kazi Chuo Kikuu cha Duke, mji wa Durham, Marekani. Kuanzia 1939 aliwapa wagonjwa wa figo na wa presha kali chakula ambacho mama yeyote wa Pemba angekitambua nusu yake: wali. Wali mtupu, matunda, juisi ya matunda na sukari. Hakuna chumvi, hakuna nyama, hakuna mafuta. Hoja yake ilikuwa kuipumzisha figo, kwa kuipunguzia chumvi na takataka zinazotokana na protini.

Aliogopa kuwaacha wagonjwa na chakula hicho muda mrefu. Mwaka 1942 alimwambia mwanamke mmoja wa miaka 33, mgonjwa wa figo, arudi baada ya wiki mbili. Kiingereza cha Kempner kilikuwa na lafudhi nzito ya Kijerumani, na bibi yule alisikia miezi miwili. Akaenda kwao, akala wali na matunda miezi miwili mizima bila kukatisha. Aliporudi, presha iliyokuwa 190 kwa 120 ilikuwa 124 kwa 84, moyo uliotanuka umepungua, na damu iliyokuwa imevia machoni imeondoka. Kempner alipopeleka habari za namna hii kwenye mkutano wa madaktari Chicago mwaka 1944, wapo waliodhani anadanganya. Wakati ule kwa mgonjwa wa presha kali hakukuwa na kidonge cha maana. Wengi walikuwa wakingoja kufa.

Tunaisimulia kwa kirefu kwa sababu ya yule bibi. Hakupewa dawa mpya. Alishika masharti ya chungu, tena nyumbani kwake, bila daktari kumchungulia. Lakini asisome mtu hapa akaanza kula wali mtupu. Chakula kile kilikuwa kigumu, kilitaka vipimo kila mara, wengi walishindwa, na leo hakuna haja nacho.

Jibu la kwa nini watu wa Donnison walisalimika lilikuja kidogo kidogo. Mwaka 1990 watafiti walichapisha habari za Waluo waliohama vijijini magharibi ya Kenya kwenda Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki. Presha za waliohama zilipanda mapema, ndani ya miezi, si miaka. Mkojo wao ulionesha sababu mojawapo: chumvi imezidi na potasiamu, ile inayotoka kwenye matunda na mboga, imepungua. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule. Jiko ndilo lililobadilika.

Vidonge navyo vikaja. Mwaka 1993 utafiti wa wagonjwa 409 wenye kisukari na figo zilizoanza kuharibika ulionesha kuwa kaptoprili ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, kuingia kwenye mashine ya kusafisha damu au kuhitaji figo ya mtu mwengine. Mwaka 2002 utafiti wa Wamarekani weusi 1,094 wenye presha na maradhi ya figo ulionesha kuwa ramiprili, ndugu yake kaptoprili, ililinda figo zaidi kuliko baadhi ya dawa nyengine za presha. Na dawa za kundi hili hufanya kazi vizuri zaidi mgonjwa akiwa hali chumvi nyingi. Anayemeza kidonge asubuhi na kula papa wa chumvi mchana anabomoa alichojenga.

Basi tuingie jikoni kwetu. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Na hapo ndipo tunapokosea hesabu. Chumvi tunayonyunyiza tunaiona. Iliyomo kwenye ng'onda, kwenye papa mkavu, kwenye vidonge vya mchuzi, kwenye achari na kwenye chipsi za jioni hatuihesabu. Kwa bibi harusi ina uzito wake. Mchuzi wa mwanzo kwa wakwe ni mtihani, na "umepooza" ni neno linalouma. Ndiyo maana wengi huongeza kidonge cha mchuzi ili wasiaibike. Ndimu, ukwaju, tangawizi, thomu, pilipili na tui lililokamuliwa vizuri huupa mchuzi ladha bila kuigusa presha ya baba mkwe.

Kwa mwenye presha tu, figo zikiwa nzima, ndizi, muhogo, shelisheli na madafu ni neema. Kwa mwenye figo zilizodhoofika sana mambo hugeuka, kwa sababu potasiamu haitoki na ikizidi husimamisha moyo. Huyo daktari akimwambia apunguze, muhogo na majimbi humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi na maji yake humwagwa, ndipo hutiwa tui. Ile chumvi ya dukani inayosifiwa kuwa ni ya wenye presha mara nyingi ina potasiamu ndani yake, kwa hiyo naye asiiguse bila kuuliza. Birimbi nalo tulitaje, maana tunalipenda: mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, waliandika habari za watu 10 ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kunywa juisi yake nzito. Kipande cha achari si glasi ya juisi, lakini mgonjwa wa figo bora aliache. Na Ramadhani ikiingia, mgonjwa ana rukhsa yake. Amuone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Nyama na samaki havikatazwi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1994 ulipunguza protini kwa wagonjwa wa figo na faida iliyopatikana ilikuwa ndogo. Kipande cha kiasi kinatosha, na mama asikondeshwe kwa woga.

La mwisho ni la mabibi harusi. Mwanamke mwenye presha au figo dhaifu hukaribia zaidi kifafa cha mimba, na wapo wanaogundua presha zao kliniki ya wajawazito, tumbo limeshakuwa kubwa. Pimeni presha na mkojo kabla ya nikah. Na kama unatumia kaptoprili, enalaprili, lisinoprili au losatani, mwambie daktari kuwa unaolewa, kwani dawa hizi humdhuru mtoto tumboni. Usiziache mwenyewe. Zipo nyengine zinazotumika mimbani, metildopa ikiwa miongoni mwa za zamani, na kubadilishiwa kunataka miadi kabla ya siku ya harusi, si baada ya mimba kushika.