Mpaka Uliochorwa New York

Siku dadangu alipoambiwa ana BPD, yaani tatizo la nafsi ya mpakani, mama hakuuliza dawa. Aliuliza, "Nilimkosea wapi?" Mimi nilibaki na swali langu: mpaka upi? Nikaanza kusoma.

Mwaka wa 1938, daktari Adolph Stern wa New York aliandika kuhusu wagonjwa waliomshinda. Shida yao ilizidi wasiwasi wa kawaida, lakini hawakuwa wamerukwa na akili. Basi akawaweka katikati, mpakani. Na chanzo? Aliwaangalia akina mama, akasema wengi wao hawakuwapa watoto upendo wa kutosha. Kumbe swali la mama lilikuwa na umri mkubwa kumliko.

Mwaka wa 1980 ugonjwa huu uliingia kwenye mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani. Mwaka wa 1989, Judith Herman na wenzake walichapisha utafiti wa kundi dogo la wagonjwa. Asilimia 81 walisimulia utoto wa majeraha: kupigwa, kunajisiwa, kushuhudia vita nyumbani. Haikuwa tena suala la mama asiyekumbatia.

Lakini hata hapo hesabu haikukamilika. Wako walioumizwa utotoni na hawana BPD, na wako wenye BPD ambao hawakuumizwa hivyo. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba urithi wa damu nao una sehemu kubwa.

Marsha Linehan, katika kitabu chake cha 1993, aliunganisha hayo mawili. Mtoto anazaliwa na hisia kali, kisha analelewa na watu wanaomwambia kila siku kwamba anachohisi si kitu. Mwaka wa 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa na miaka 17.

Nilimsimulia mama haya yote jikoni. "Kwa hivyo sio mimi?"

"Sio wewe peke yako, mama. Na sio yeye."

Sikumwambia kilichonikaba. Dadangu alikuwa akilia hadi anakosa pumzi, kwa jambo ambalo sisi wengine tulishalisahau, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia, "Wacha drama." Nilikuwa mtoto pia, sawa. Jioni hiyo nilimpigia simu. Alianza kulia, na mara hii nilinyamaza nikasikiliza.