Oslo kuzika hewa ya ukaa ya mtambo wa taka chini ya bahari: Fahamu inavyofanyika na nani analipa

Eneo la Klemetsrud, pembezoni mwa jiji la Oslo nchini Norway, kuna mtambo unaochoma taka ambazo hazikuweza kurejelezwa. Moto wake unazalisha umeme, pia unachemsha maji yanayopita kwenye mabomba ya chini ya ardhi na kupasha joto nyumba na ofisi wakati wa baridi.

Norway ilipiga marufuku kutupa taka zinazooza kwenye madampo tangu 2009, kwa hiyo mitambo kama huu ina kazi kweli kweli. Shida ni moja: Klemetsrud ndiyo inayoongoza kwa kutoa hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, jijini Oslo.

Sasa kampuni ya Hafslund Celsio inayouendesha inajenga mfumo wa kuinasa hewa hiyo kabla haijatoka kwenye bomba la moshi. Lengo ni kunasa takribani tani 350,000 kwa mwaka, kuanzia 2029.

Inanaswaje?

Moshi wa taka una gesi nyingi zilizochanganyika, hivyo kazi ya kwanza ni kuitenga hewa ya ukaa.

1. Moshi unasafishwa, kisha unapitishwa kwenye mnara wenye kimiminika cha kemikali aina ya amaini. Kemikali hizo zinaikamata hewa ya ukaa na kuacha gesi nyingine zipite.

2. Kimiminika kinapashwa moto. Hewa ya ukaa inaachia na kutoka ikiwa karibu safi kabisa. Kimiminika kinarudi mnarani kuanza upya.

3. Hewa hiyo inagandamizwa na kupozwa hadi inakuwa kimiminika, kisha inapelekwa kwa malori hadi bandari ya Oslo.

4. Meli inaibeba hadi Øygarden, pwani ya magharibi ya Norway. Kutoka hapo bomba la kilomita 100 hivi linaipeleka baharini, ambako inasukumwa ndani ya miamba iliyo takribani mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari.

Majaribio yaliyofanyika Klemetsrud mwaka 2019 kwa kutumia moshi halisi yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya hewa ya ukaa inaweza kunaswa.

Haitavuja?

Miamba inayotumika ina vitundu vidogo vidogo kama sponji, na juu yake kuna tabaka la mwamba mgumu linalofanya kazi kama kifuniko. Norway si mgeni kwenye jambo hili: imekuwa ikizika hewa ya ukaa chini ya Bahari ya Kaskazini, eneo la Sleipner, tangu 1996, na wataalamu huifuatilia kwa mawimbi ya sauti ili kuona imekaa wapi.

Ghala la Øygarden, linaloitwa Northern Lights, ni mali ya kampuni za Equinor, Shell na TotalEnergies. Lilianza kupokea hewa ya ukaa chini ya bahari Agosti 2025, ikitoka kiwanda cha saruji cha Brevik.

Mbona imechukua muda mrefu?

Pesa. Aprili 2023 mradi wa Klemetsrud ulisimamishwa baada ya makadirio ya gharama kuvuka bajeti. Teknolojia ilikuwepo na ghala lilikuwa linajengwa, ila hesabu zilikataa. Ilibidi mpango upunguzwe gharama, na kazi ikaanza tena Januari 2025.

Sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na serikali ya Norway kupitia mpango wake wa Langskip, pamoja na jiji la Oslo na wamiliki wa mtambo. Chanzo kingine cha fedha kinatokana na aina ya taka zenyewe.

Karibu nusu ya hewa ya ukaa ya Klemetsrud inatokana na vitu kama mabaki ya chakula, karatasi na mbao. Mimea iliivuta hewa hiyo kutoka angani ilipokuwa inakua. Ukiizika, unakuwa umeiondoa angani moja kwa moja. Nusu nyingine inatoka kwenye plastiki na vitu vingine vya mafuta ya petroli. Ukiizika hiyo, umezuia tu isiongezeke.

Ile nusu ya kwanza inauzika. Mwaka 2025, Microsoft ilikubali kulipia uondoaji wa tani milioni 1.1 kutoka mtambo huo ndani ya miaka 10, ili kufidia hewa chafu inayozalishwa na shughuli zake.

Kwa hiyo taka zichomwe tu?

Hapana. Kunasa hewa ya ukaa kunakula nishati nyingi, na kila tani inahitaji lori, meli na bomba. Plastiki inayorejelezwa haihitaji safari hiyo, ndiyo maana wakazi wa Oslo bado wanatakiwa kutenganisha mabaki ya chakula na plastiki wakiwa nyumbani.

Ulaya ina mamia ya mitambo ya kuchoma taka inayokabiliwa na tatizo hilihili. Mfumo wa Klemetsrud ukiwashwa 2029, wengi wataangalia kama unanasa hewa kama ilivyoahidiwa, na zaidi, kila tani inagharimu kiasi gani.