Daftari Moja kwa Nchi Nzima: Usajili wa Wabunifu Majengo Ulivyoifikia Simiyu

Imezoeleka kusemwa, kwenye semina za wataalamu na kwenye hotuba za uzinduzi, kwamba usajili wa wabunifu majengo katika nchi hii ulianza mwaka 1997. Wasemao hivyo wanaishika mkononi Sheria Na. 16 ya mwaka huo, iliyounda Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Sheria ni ya kweli na bodi ipo. Lakini sheria hiyohiyo ilikuja kuifuta nyingine, Na. 35 ya mwaka 1972, na hiyo iliyofutwa ndiyo ambayo siku hizi haisomwi na mtu. Nimeisoma kando ya sheria za tawala za mikoa za wakati wake, na nimeridhika kwamba mengi tunayoyalalamikia leo kule Bariadi yaliamuliwa mwaka ule, miaka 40 kabla Mkoa wa Simiyu haujazaliwa.

Malalamiko yenyewe yanafahamika. Mtu wa Maswa au Meatu anayetaka kujua kama aliyemchorea ramani amesajiliwa, au anayetaka kumshtaki kwa kazi mbovu, anatazama mbali. Bodi za sekta ya ujenzi zina ofisi za kanda, na kwa Kanda ya Ziwa maana yake ni Mwanza. Ndipo linapozuka wazo kwamba kila mkoa upewe bodi yake, na baraza moja la taifa lizilee bodi hizo. Wenye wazo hilo huitolea mfano Marekani, ambako jimbo la Illinois lilitunga sheria ya leseni za wabunifu majengo mwaka 1897, majimbo mengine yakafuata kila moja kwa mwendo wake, na mwaka 1919 likaundwa baraza la kitaifa la kuziunganisha bodi hizo. Baraza lile halimpi mtu leseni. Linatunga mtihani wa pamoja, linatunza kumbukumbu za wataalamu, linaandaa kanuni za mfano, kisha bodi za majimbo ndizo zinazotoa leseni. Kwetu mambo yalijengwa kinyume chake, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa utulivu.

Enzi ya ukoloni haituchelewishi. Kenya ilipata sheria yake ya wabunifu majengo na wakadiriaji mwaka 1934. Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na kanuni za ujenzi kwa ajili ya miji, na nje ya mipaka ya mji mdogo wa boma hakuna aliyeulizwa ramani. Usukuma, ambamo Simiyu ya leo imo, ulijengwa na wenyewe: nyumba ya msonge, ukuta wa miti na udongo, paa la nyasi, na ua wa minyaa kuuzunguka mji wa mtu.

Sasa tuje 1972. Ili kuuelewa mwaka ule lazima uanze na Aprili 1971, serikali ilipotunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Akaundwa Msajili wa Majumba kuyasimamia. Kwa siku chache mteja mkuu wa mbunifu binafsi, yaani mwenye nyumba wa mjini, alitoweka sokoni, na wengi wa wataalamu wa asili ya Asia waliokuwa na ofisi Dar es Salaam wakaanza kufunga virago. Aliyebaki na fedha za kujenga ni serikali na mashirika yake. Watanzania waliokuwa na shahada ya ubunifu majengo walikuwa wachache mno. Beda Amuli, aliyesomea Israeli, alikuwa amefungua ofisi yake mwaka 1969, naye ndiye aliyebuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975. Waliotaka kusomea taaluma hiyo karibu na nyumbani walikwenda Nairobi, kwa kuwa mafunzo ya ubunifu majengo katika Chuo cha Ardhi yalikuja kushika kasi baadaye katika muongo huohuo.

Katika hali hiyo ndipo ilipotungwa Sheria Na. 35, ikaunda bodi moja ya kitaifa ya wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi wa majengo. Jina lake refu lina habari kubwa ndani yake. Anayechora, anayekadiria gharama na anayejenga waliwekwa mbele ya meza moja. Nyumba ikianguka, wote watatu wanaitwa na chombo kimoja, na hakuna wa kusema kwamba suala lake liko kwenye ofisi nyingine. Wapo wanaoidharau sheria hiyo kuwa ni zao tu la siasa ya Ujamaa, ya dola kutaka kushika kila kitu. Hoja hiyo sina muda nayo. Wanaoitoa hawaelezi kwa nini Kenya, iliyofuata njia ya soko, nayo ilikuwa na daftari moja la taifa na inalo hadi leo, hata baada ya Katiba ya 2010 kuzipa kaunti 47 kazi ya kupitisha ramani.

Kinachonishangaza mimi ni kilichotokea sambamba na hapo. Julai 1972 ndipo ulipoanza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, za miji zikafuata mwaka uliofuata, na kila mkoa ukapata Mkurugenzi wa Maendeleo, mpango wake na bajeti yake. Kwa maneno mengine, mwaka uleule ambao barabara, zahanati na visima vilihamishiwa mkoani, usajili wa wataalamu wa majengo ulifungiwa makao makuu. Bariadi wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa huo ulipewa fedha za kujenga, ukapewa na amri ya kujenga, lakini jicho la kumkagua mjenzi likabaki Dar es Salaam.

Je, watunga sheria walikosea? Nawatetea kwa sehemu. Mikoa ilikuwa karibu 20, na kama kila mmoja ungeundiwa bodi, mingi isingekuwa na hata mtu wa kumwandika daftarini, wala wa kukaa kwenye kiti cha ujumbe. Mtihani ungekuwa tofauti kila ulikokwenda, na fundi mjanja aliyekataliwa Tabora angekubaliwa Shinyanga. Daftari moja lilikuwa uamuzi wa busara kwa nchi yenye wataalamu wa kuhesabika. Pale ninapowalaumu ni kwamba walichukulia daftari na ukaguzi kuwa jambo moja. Kumwandika mtu kunaweza kufanyika mahali pamoja kwa nchi nzima. Kumtazama akifanya kazi hakuwezekani ila kwenye saiti. Sehemu hiyo ya pili hapo awali ilikuwa mikononi mwa halmashauri, na ilizikwa pamoja nazo.

Pigo lake lilionekana haraka. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho uliowekwa ni 1976. Wasukuma, ambao kila mji ulikaa peke yake ukizungukwa na mashamba na malisho yake, waliambiwa wasogee, wajenge kwa mistari. Usajili wa wataalamu haukuwa na namna ya kugusa ujenzi ule, mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanyika kwa muda mfupi kiasi hicho katika eneo tunaloliita Simiyu leo. Mahali pa kujenga palichaguliwa kwa kufuata barabara, si kwa kufuata udongo.

Hapo ndipo ninapomkumbuka D. W. Malcolm, afisa tawala wa Kiingereza ambaye kitabu chake juu ya Usukuma kilichapishwa mwaka 1953. Wanahistoria wa siasa hukipita kwa sababu kimejaa mambo ya ardhi na malisho, na mwandishi wake alikuwa mtu wa serikali ya kikoloni. Lakini ndani yake, kama ilivyo katika kazi za wataalamu wa udongo wa miaka ile walioufuata mpangilio aliouonyesha Geoffrey Milne wa kituo cha Amani katika muongo wa 1930, unakutana na maarifa ya Wasukuma wenyewe. Juu kuna mawe makubwa ya kilima. Chini yake luseni, ardhi ya kichanga ambayo watu hupenda kujenga juu yake. Ukishuka zaidi unafika itogolo, ngumu na isiyopitisha maji. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mzee wa Kisukuma hakuhitaji maabara kumwambia asijenge mbugani. Udongo ule huvimba ukinyeshewa na hupasuka ukikauka. Kiangazi kikikolea unaweza kutumbukiza kiganja kwenye nyufa zake. Msingi uliolazwa juu yake bila kuchimbwa hadi kwenye ardhi ngumu, au bila kuondoa udongo huo na kujaza moramu, utasukumwa juu masika na kuachwa ukining'inia kiangazi, na ufa wa kwanza utatokea kwenye pembe ya dirisha.

Halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria ya 1978, baada ya miji kuelemewa na uchafu na kipindupindu, na serikali za mitaa kwa ujumla zikarudi kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Katikati ya miaka hiyo likazaliwa Baraza la Taifa la Ujenzi, kwa Sheria Na. 20 ya 1979, nalo likaanza kazi 1981. Watu wengi, na wengine ni wakandarasi wa siku nyingi, hudhani baraza hili ndilo linalotoa leseni. Halitoi. Lilitokana na uchunguzi wa sekta ya ujenzi wa ndani uliofanywa mwaka 1977, na kazi yake ni kuikuza sekta: mafunzo, ushauri, takwimu za bei za vifaa, ukaguzi wa kiufundi wa miradi, usuluhishi wa migogoro ya mikataba. Ukilitazama kwa makini, linafanana na lile baraza la Marekani kuliko bodi yoyote tuliyo nayo. Tofauti ni kwamba lile lina bodi 55 za kuzihudumia, na letu limekaa kando ya bodi ambazo nazo ni za taifa, zote zikitazama nchi kutokea juu.

Mwaka 1997 meza ile moja ilipasuliwa. Wahandisi, waliokuwa na sheria yao tangu 1968, walipata Sheria Na. 15, wabunifu na wakadiriaji wakapata Na. 16, makandarasi Na. 17. Soko lilikuwa limefunguliwa, wakandarasi wameongezeka, na hoja ya kila taaluma kujisimamia ilikubalika. Mwaka 2010 Sheria Na. 4 ilichukua nafasi ya ile ya wabunifu na kuvuta ndani fani zinazokaribiana nayo. Zanzibar ina bodi yake, kwa kuwa ujenzi si jambo la Muungano, na hapo ndipo mfumo wetu unapokaribia kidogo ule wa majimbo. Zaidi ya hayo sina la kusema juu ya miaka hiyo, maana swali la 1972, la nani akague mikoani, halikuguswa.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012 kwa kuimega mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Mkoa mpya ni saiti kubwa: ofisi za mkoa, hospitali ya rufaa kule Nyaumata, viwanja vya Nyakabindi vilivyopokea maonyesho ya Nanenane kitaifa. Majengo hayo makubwa yalikuwa na wataalamu. Historia ya kweli ya ujenzi wa Simiyu, hata hivyo, iko kwenye madarasa na vituo vya afya vilivyojengwa kwa utaratibu wa force akaunti. Ramani inatoka TAMISEMI, fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule au kituo, kamati ya ujenzi ya kijiji inanunua saruji, nondo na mabati, na fundi wa jirani anapewa kazi. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, nchi nzima ilijenga madarasa 15,000 kwa mtindo huo katika miezi michache. Naupongeza utaratibu huu kwa jambo moja kubwa: umewarudishia wanakijiji uwezo wa kujua mfuko mmoja wa saruji umekwenda wapi.

Lakini ramani ni moja kwa nchi nzima. Msingi uliochorwa humo haujui kama shule imewekwa luseni au mbugani. Mbunifu aliyeichora ni mtu wa daftari, ana namba yake, na hajakosea chochote. Aliyepaswa kusimama kwenye kiwanja kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa ni mhandisi wa halmashauri, naye ana kata nyingi, gari moja la kugombania na tarehe ya kukabidhi jengo iliyokwisha kutangazwa. Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30, na lile la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024, nchi nzima iliuliza juu ya leseni. Darasa lenye ufa huko Itilima halitangazwi redioni, na watoto wanaendelea kukaa ndani yake.

Kwa hiyo siungi mkono bodi za mikoa. Hoja ya 1972 bado ina nguvu: daftari likigawanywa mara 26 kwa Bara pekee, litadhoofika, na leseni itakuwa kitu cha kutafutiwa mahali penye urahisi. Ninalotaka kuona likijadiliwa ni ile nusu ya pili iliyosahauliwa. Baraza la Taifa la Ujenzi lina mamlaka ya kutoa mafunzo na kukagua kiufundi. Lingeanza na kamati za ujenzi na mafundi wa halmashauri 6 za Simiyu, na likae nao saiti badala ya kuwaita ukumbini. Bodi ya wabunifu nayo ingeitaka kila ramani ya serikali itakayotumika mkoani humo iwe na michoro miwili ya msingi, mmoja wa ardhi ya kichanga na mmoja wa udongo mweusi, na kamati isaini ni upi uliotumika baada ya shimo la majaribio kuchimbwa mbele yao.