Merikani na Pembe: Abdul Sheriff, Mwanahistoria wa Utumwa

Kabla Masanze haijawa kata ya Wilaya ya Kilosa, na kabla reli haijapenya bonde la Mkondoa, Usagara ilijulikana Unguja kama njia ya kuendea bara. Wapagazi walioanza safari Bagamoyo walipandisha mizigo yao huko: ushanga, masango ya shaba, kaniki ya Bara Hindi na, juu ya vyote, merikani. Nguo hiyo nyeupe, ngumu, ilikuwa fedha ya njiani. Ililipa hongo ya machifu, ikanunua chakula, ikanunua pembe za ndovu, ikanunua watu.

Jina lake linataja asili yake. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa merikebuni Salem na kuletwa Unguja. Sayyid Said alitia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Konseli wao wa kwanza, Richard Waters, alifika mwaka 1837. Waters alichukizwa na utumwa, na shajara zake zinashuhudia hayo. Hata hivyo alifanya biashara kwa kushirikiana na Jairam Shivji, mkodi wa forodha, na forodha ile ilitoza ushuru kwa kila kichwa cha mtumwa aliyeingizwa kisiwani. Hivyo nguo iliyotokana na jasho la mtumwa wa ng'ambo moja ilimnunua mtumwa wa ng'ambo ya pili.

Aliyetufundisha kuitazama biashara hii kama mtandao mmoja ni Abdul Sheriff, mzaliwa wa Unguja. Alisoma California, kisha London, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1971. Akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika zama ambazo Walter Rodney naye alikuwa hapo, na hoja za Rodney juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika ziliwaka katika kila ukumbi. Baadaye alirudi visiwani kuwa mhifadhi mkuu wa makumbusho. Kitabu chake juu ya watumwa, viungo na pembe, kilichotoka mwaka 1987, kinaanzia mwaka 1770 na kuishia 1873, soko la watumwa la Unguja lilipofungwa.

Hoja yake kuu ni ya kibiashara, lakini ina makali. Wafaransa walihitaji watumwa kwa mashamba ya visiwa vya Mascarene, na hitaji lao likaikuza biashara ya pwani ya kusini. Waingereza walipoibana njia hiyo, hasa kwa mkataba wa Moresby wa mwaka 1822, matajiri hawakuacha watumwa. Waliwageuza wachumaji wa karafuu Unguja na Pemba. Wakati huo huo bei ya pembe ilipanda kwa miongo mingi, na nguo za viwandani zikawa rahisi. Tofauti hiyo ndiyo iliyowatajirisha watu wa Forodhani, na ndiyo iliyosukuma misafara mbali zaidi kila mwaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokausha pamba, uhaba wa merikani ulisikika hadi bara.

Visiwani mada hii huzungumzwa ama kwa kunong'ona ama kwa kufoka. Wapo wanaoitumia kulaumu kabila moja, na wapo wanaodai kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mpole. Sheriff hakuwapendeza wote wawili. Katika kurasa zake wenye fedha ni Waarabu, Wahindi, Wafaransa, Waingereza na Wamarekani, na mtumwa wa shamba la karafuu anafanya kazi ya kuzalisha mali ya kuuzwa duniani, wala si mtu wa nyumbani tu. Wasomaji wa pande zote wangefaa kukirudia kitabu hicho kabla ya kupandisha sauti.

Kina pungufu moja, na si dogo: mtumwa mwenyewe haongei. Bara huonekana kama chimbuko la pembe na watu, na Usagara kama njia. Pengo hilo wameliziba kwa sehemu wengine, kama Edward Alpers aliyemfuatilia Swema, mtoto wa Kiyao aliyefikishwa Unguja, na Marcia Wright aliyechambua masimulizi ya wanawake waliopita utumwani.

Kilosa yenyewe ilirudiwa na pamba. Mwaka 1907 Otto, Mjerumani mwenye viwanda vya nguo, alianzisha huko shamba kubwa la pamba, na Thaddeus Sunseri ameeleza vizuri taabu ya kulipatia vibarua. Utumwa ulikuwa bado halali. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya tarehe 31 Disemba 1905, hao tu. Katika nyumba moja, mtoto wa kwanza aliyezaliwa 1905 alibaki mtumwa kisheria, na mdogo wake wa mwaka uliofuata alikuwa huru. Waingereza walifuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Mkubwa yule alikuwa na miaka kumi na saba.