Kodi za Nyumba ya Mapumziko Durban kwa Mmiliki Asiye Mkazi: Mzigo Ulio Mlangoni pa Kutokea

Nyumba ya mapumziko iliyoko Durban, ikiwa mwenyewe anaishi nchi nyingine, hudaiwa kodi katika nyakati nne: inaponunuliwa, inapomilikiwa, inapouzwa, na mwenyewe anapofariki. Nyumba za aina hiyo zimejipanga kando ya Bahari ya Hindi, kuanzia Amanzimtoti upande wa kusini, kupitia ufukwe wa katikati ya jiji na eneo la Point, hadi La Lucia na Umhlanga upande wa kaskazini. Maeneo hayo yote yamo katika Manispaa ya eThekwini. Ballito, iliyo mbele zaidi kaskazini, imo katika Manispaa ya KwaDukuza na hutozwa kwa viwango vya huko.

Tangu 2001 Afrika Kusini humtoza mkazi wake kwa mapato anayoyapata popote duniani, na asiye mkazi kwa mapato yenye chanzo ndani ya nchi tu. Kwa kuwa nyumba haihamishiki, chanzo cha mapato yake hakina ubishi. Mikataba ya kuzuia utozaji kodi mara mbili ambayo nchi hiyo imefunga na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Oman inaafikiana katika hilo: nchi ambamo nyumba imejengwa ina haki ya kuitoza. Kanuni hiyo ni ya haki. Kasoro iko katika utekelezaji wake, kwa kuwa mgeni hupokewa kwa wepesi wakati wa kuingia, kisha hubanwa wakati wa kutoka kwa kipimo kisicholingana na faida aliyoipata.

Kununua

Ushuru wa uhamisho wa mali hutozwa chini ya sheria ya 1949 na hulipwa na mnunuzi. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, nyumba isiyozidi randi 1,210,000 haitozwi kitu. Thamani inayozidi hapo hutozwa kwa ngazi za asilimia 3, 6, 8 na 11, hadi asilimia 13 kwa sehemu inayozidi randi 13,310,000. Fleti ya Umhlanga inayonunuliwa kwa randi 2,500,000 hulipiwa ushuru wa randi 67,200. Nyumba mpya inayouzwa na mjenzi aliyesajiliwa hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15 badala ya ushuru huo, na bei inayotajwa huhesabiwa kuwa imeshajumuisha kodi hiyo.

Viwango hivyo havibagui uraia wala ukazi. Uingereza huwaongezea wanunuzi wasio wakazi asilimia 2 tangu Aprili 2021, na Singapore huwatoza wageni nyongeza ya asilimia 60 tangu Aprili 2023. Durban mgeni hulipa sawasawa na mwenyeji. Kizuizi anachokutana nacho ni cha fedha za kigeni: kwa kawaida benki za Afrika Kusini humkopesha asiye mkazi si zaidi ya nusu ya bei, na kiasi kilichobaki lazima kitoke nje ya nchi. Hati ya benki inayoonyesha fedha hizo ziliingia lini na kiasi gani hutunzwa pamoja na hatimiliki, kwa sababu ndiyo itakayoruhusu fedha za mauzo ya baadaye kupelekwa nje.

Kumiliki

Kodi ya majengo hutozwa na manispaa chini ya sheria ya 2004, kwa kuzidisha thamani ya soko iliyo katika daftari la uthamini na kiwango ambacho baraza hukipitisha kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Daftari linalotokana na uthamini mkuu wa eThekwini lilianza kutumika Julai 2022. Mmiliki aliye mbali ana haki ya kupinga thamani aliyopewa, lakini dirisha la pingamizi hufungwa kwa tarehe, na asiyesoma matangazo ya manispaa hulipa makosa ya mthamini kwa miaka.

Kati ya kodi zote, hii ndiyo iliyofungamana zaidi na nyumba yenyewe. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua zaidi ya watu 400 katika KwaZulu-Natal na kuharibu mitambo ya majitaka ya Durban. Fukwe zilifungwa kwa sababu maji yalichafuka, na fleti zilizonunuliwa kwa ajili ya bahari zikawa zinatazama bahari isiyoogeleka. Thamani ya nyumba ya pwani hujengwa na mabomba, taa na barabara kama inavyojengwa na matofali. Mmiliki anayekaa wiki tatu kwa mwaka huviacha vitu hivyo chini ya ulinzi wa jiji kwa wiki 49 zilizobaki, hivyo hana hoja ya kutaka alipe pungufu. Ana hoja nzito, hata hivyo, ya kudai kwamba alicholipa kionekane katika huduma.

Deni la manispaa hulindwa na sheria ya 2000: nyumba haihamishwi bila cheti kinachothibitisha kwamba madai ya miaka miwili iliyotangulia yamelipwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba madeni ya zamani zaidi hayamfuati mmiliki mpya. Katika maeneo maalumu kama Umhlanga huongezwa tozo ya usafi na ulinzi. Michango ya umoja wa wamiliki wa fleti si kodi, ingawa nayo hudaiwa kila mwezi.

Nyumba ikipangishwa, pango hutozwa kodi ya mapato kwa ngazi za asilimia 18 hadi 45 baada ya kutoa riba, kodi ya majengo, bima, ukarabati na michango. Gharama za kuongeza chumba au kubadilisha jiko zima hazitolewi kwenye pango. Huhifadhiwa kwa hesabu ya siku ya kuuza. Mwenye nyumba huandikisha namba ya mlipakodi katika Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini (SARS) na kuwasilisha ritani kila mwaka.

Kuuza

Kodi ya faida ya mtaji ilianza Oktoba 2001. Kwa mtu binafsi, asilimia 40 ya faida huingizwa katika mapato yake, hivyo kodi ya juu kabisa ni asilimia 18 ya faida. Kwa dhamana ya kifamilia (trust) hufikia asilimia 36, jambo linaloonyesha kwamba chombo kilichochaguliwa siku ya kununua huamua kodi ya siku ya kuuza. Msamaha wa makazi ya kudumu, uliowekwa kuwa randi milioni 2 mwaka 2012, hauhusu nyumba ya mapumziko.

Tangu 2007, asiye mkazi anapouza kwa zaidi ya randi milioni 2, mnunuzi hulazimika kuzuia sehemu ya bei na kuipeleka SARS: ndani ya siku 14 ikiwa mnunuzi ni mkazi, siku 28 ikiwa si mkazi. Viwango vilivyopandishwa Februari 2017 ni asilimia 7.5 kwa mtu binafsi, 10 kwa kampuni na 15 kwa dhamana. Kodi hiyo ya zuio ni malipo ya awali, na hukokotolewa juu ya bei nzima bila kujali faida.

Mfano unaonyesha uzito wake. Mtu binafsi alinunua fleti mwaka 2010 kwa jumla ya randi 1,500,000, gharama zikiwemo, akaiuza 2025 kwa randi 2,500,000. Faida ni randi 1,000,000. Ikiondolewa nafuu ya mwaka ya randi 40,000, asilimia 40 ya kilichobaki ni randi 384,000. Kama hana mapato mengine Afrika Kusini, kodi yake halisi baada ya nafuu ya msingi ni randi 64,312. Mnunuzi, hata hivyo, amekwisha kuzuia randi 187,500, karibu mara tatu ya deni. Randi 123,188 hubaki serikalini mpaka muuzaji awasilishe ritani na kurejeshewa.

Kuna jambo la pili katika mfano huo. Mwaka 2010 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban randi 7.3, mwaka 2025 ilikuwa karibu na 18. Aliyetoa takriban dola 205,000 amepokea takriban dola 139,000. Kwa randi amefaidika, kwa dola amepata hasara, na sheria huhesabu kwa randi wala haipunguzi mfumuko wa bei. Kutoza asilimia 40 tu ya faida ni fidia ya jumla kwa mfumuko huo, isiyopima muda ambao nyumba ilishikiliwa.

Sheria imeacha mlango wa nafuu: muuzaji anaweza kuiomba SARS, kabla ya malipo, maelekezo ya kupunguza zuio au kuliondoa. Maombi hayo hudai mahesabu na vielelezo, hivyo yanapaswa kuanza mara mkataba unaposainiwa. Mnunuzi anayejua kwamba muuzaji si mkazi na asizuie huweza kudaiwa yeye mwenyewe; ndiyo maana wakili wa uhamisho hasubiri hisani ya mtu.

Kurithisha

Kodi ya mirathi kwa asiye mkazi hugusa mali iliyoko Afrika Kusini tu. Randi milioni 3.5 za kwanza husamehewa, kisha hutozwa asilimia 20, na asilimia 25 kwa kiasi kinachozidi randi milioni 30. Kifo huhesabiwa pia kama mauzo kwa bei ya soko, hivyo faida ya mtaji hutozwa hata kama hakuna aliyelipa senti. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa Mombasa au Dar es Salaam haruhusiwi kuishughulikia nyumba mpaka atambuliwe na ofisi ya Mahakama Kuu inayosimamia mirathi. Mwenye nyumba asipoacha wosia, nyumba hugawanywa kwa sheria ya Afrika Kusini. Mwislamu anayetaka faraidhi ifuatwe hana budi kuandika wosia unaosema hivyo.

Kodi za nyumbani

Mkazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato ya ndani na nje, lakini kodi iliyolipwa Afrika Kusini hupunguzwa katika deni la nyumbani kwa kuonyesha stakabadhi. Sheria ya Kenya kimsingi hutoza pango lililopatikana Kenya, hivyo pango la Durban kwa kawaida halimo. Mikataba huzuia kulipa mara mbili. Haifuti wajibu wa kutoa taarifa.

Marekebisho

Kiwango cha randi milioni 2 kinachoanzisha zuio kilikuwa bado kilekile mwaka 2025, miaka 18 tangu kiwekwe. Mwaka 2007 ushuru wa uhamisho ulianzia randi 500,000. Mwaka 2025 ulianzia randi 1,210,000. Serikali imekiri kwamba bei zimepanda pale mnunuzi anapoingia, ikanyamaza pale muuzaji anapotoka. Kiwango cha zuio kingepandishwa kwa uwiano huohuo kingefikia randi 4,840,000, na fleti nyingi za kawaida za pwani zisingeguswa. Kwa zitakazobaki, zuio linafaa kukokotolewa juu ya faida iliyothibitishwa na wakili wa uhamisho, aliye na hatimiliki na bei zote mbili mezani. Mapato ya serikali hayatapungua, kwa kuwa kodi halisi ni ileile. Kitakachokoma ni kukaa na fedha za muuzaji ambazo serikali haidai.