Mpito wa kimuundo na awamu ya wimbi katika kwatzi

Kwatzi ikipashwa moto hadi nyuzi 573 za Selsiasi haiyeyuki wala hailainiki. Kiwango chake cha kuyeyuka kiko mbali sana, juu ya nyuzi 1,600. Hata hivyo, ndani yake jambo kubwa limetokea. Mkemia Mfaransa Henry Le Chatelier aliligundua mwaka 1889 alipokuwa akichunguza utanukaji wa silika: karibu na joto hilo kwatzi hutanuka ghafla, na likishuka hunywea ghafla vilevile. Wachomaji wa vyombo vya kauri wanalijua hilo vizuri. Chombo chenye kwatzi nyingi kikipozwa upesi kupita kiwango hicho kinaweza kupasuka.

Tuliiteje tukio hili? Shuleni tumezoea “mabadiliko ya hali”: yabisi, kimiminika, gesi. Hapa maneno hayo yanapotosha, kwa kuwa hali haikubadilika. Kwatzi ilikuwa yabisi na bado ni yabisi. Kilichobadilika ni mpangilio wa atomu. Ndiyo maana nashikilia “mpito wa awamu wa kimuundo”, au kwa ufupi “mpito wa kimuundo”. Najua “awamu” imezoeleka kama kipindi kinachopita, kama awamu za serikali, ilhali fuwele huenda na kurudi kadiri joto linavyopanda na kushuka. Lakini neno limeshaanza kushika, na hatuna lingine linalotenganisha sura mbili za yabisi moja.

Kivumishi “kimuundo” ndicho kinachobeba uzito. Katika kwatzi kila atomu ya silikoni imezungukwa na atomu 4 za oksijeni, zikafanya piramidi ndogo ya nyuso nne. Piramidi hizo zimeshikana ncha kwa ncha katika kimia cha pande tatu. (Nasema “kimia”, neno letu la wavu, kwa sababu linaonyesha matundu na mafundo yanayojirudia.) Kwenye joto la kawaida kila piramidi imezunguka kiasi cha nyuzi 16 kutoka mkao wake wa ulinganifu. Joto likipanda, pembe hiyo hupungua. Juu ya 573 inakuwa sifuri kwa wastani, na ulinganifu wa pembetatu unakuwa wa pembesita. Hakuna kifungo cha kikemia kilichovunjika. Sura ya chini huitwa kwatzi alfa, ya juu kwatzi beta.

Piramidi zikipoa zinaweza kuzunguka upande huu au ule, na pande zote mbili zina haki sawa. Kwa hiyo fuwele iliyopozwa kutoka beta huweza kugawanyika katika maeneo mawili, pacha wa Dauphiné. Pacha hao huzalisha chaji za umeme zenye ishara zinazopingana fuwele inapobanwa, hivyo hufutana. Kipande cha kwatzi cha saa ya mkononi, kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, hakitakiwi kuwa na pacha hata kidogo.

Kwa miaka karibu 90 ilidhaniwa kwamba alfa inageuka beta moja kwa moja. Mwaka 1976 Van Tendeloo, Van Landuyt na Amelinckx, huko Antwerp, waliona kwa darubini ya elektroni vieneo vidogo vya pembetatu vikijitokeza karibu na mpito. Baadaye vipimo vya joto na vya mtawanyiko wa neutroni vya Bachheimer, Dolino na wenzao huko Grenoble vilithibitisha kwamba kati ya alfa na beta kuna awamu ya tatu, katika upana wa nyuzi kama moja na nusu tu! Si ajabu haikuonekana mapema. Ndani yake pembe ya mzunguko haiko sawa kila mahali: inapanda na kushuka kama wimbi, na mawimbi matatu yakikutana kwa nyuzi 120 hufanya zile pembetatu. Urefu wa wimbi ni zaidi ya mara ishirini ya upana wa tundu moja la kimia, na hukua kadiri fuwele inavyopozwa.

Awamu hii ya tatu tuiiteje? Wahandisi wa redio wana “urekebishaji” wa mawimbi, lakini kurekebisha ni kusahihisha kilichokosewa, na hapa hakuna kosa. “Awamu ya wimbi” inasema kilichopo. Inabaki sifa ya pili, kwamba urefu wa wimbi hauwi mara kamili ya tundu la kimia. “Isiyolingana” haitoshi, kwa maana 2 na 3 hazilingani lakini zinawiana. Hapa hakuna uwiano wa namba kamili, basi tuseme “isiyowiana”. Neno hilo lisiachwe, kwa kuwa zipo fuwele ambazo wimbi lake huishia kuwiana: katika selenati ya potasiamu, joto likishuka hadi karibu nyuzi 180 chini ya sifuri, wimbi hunasa kwenye mara tatu kamili za kimia chake.